Mkono Niliouficha Siku ya Kumwona Mtoto

Siku tuliyoenda Kiamunyi kumwona mtoto, nilivaa sweta ya mikono mirefu na juu yake nikajitanda leso, na jua lilikuwa kali mpaka lami inanata kwenye viatu. Wanawake wenzangu wa kanisa walinisimanga njia nzima.

"Wewe unaenda kuona mtoto ama unaenda kuchuma chai kwenye baridi ya Olenguruone?"

Nikawaambia damu ya uzee haina moto. Wakacheka, nikacheka nao. Hakuna aliyejua kwamba chini ya ile sweta, kuanzia karibu na kiwiko cha mkono wa kushoto kushuka, nilikuwa na baka pana kama kiganja, rangi ya chai iliyozidishwa maziwa. Lilikuwa na miaka mitatu. Nilijua ni nini. Nataka hilo lieleweke mapema, maana watu wamenihurumia wakidhani sikujua.

Mama ya huyo mtoto ni mjukuu wangu, binti ya binti yangu. Mama yake alipofariki yeye alikuwa na miaka minne, nikamchukua. Nimemlea mtaani Rhonda kwa chapati na maharagwe, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, mpaka leo ni mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari. Mimi niliishia darasa la tatu. Watu wakionyesha mashamba yao na ng'ombe wao, mimi namwonyesha yeye. Sasa alikuwa amejifungua msichana, kitukuu wangu wa kwanza, na nyumba ilijaa wanawake, thamosi za uji, na vitenge vipya.

Kwetu mtoto mchanga akiletwa mbele ya mkubwa wa nyumba, huyo mkubwa humtemea mate kifuani. Msichukulie vibaya. Si mate ya dharau. Ni kidogo tu, ya kunyunyiza na ncha ya ulimi, kama mtu anayenyunyizia nguo maji kabla ya kupiga pasi, na ukinyunyiza unataja unachomtakia. Mimi nilitemewa, mama yangu alitemewa. Nyanya akikataa kumtemea kitukuu, watu watarudi nyumbani wakijiuliza ana kinyongo gani na hiyo damu.

Mjukuu wangu akanyoosha mtoto. "Shosho, mshike."

Nikasema mgongo umekaza tangu asubuhi, nisije nikamwangusha, ashike yeye mwenyewe. Nikaweka mkono wa kushoto nyuma, ndani ya leso, nikainama, nikamtemea mtoto kifuani mara nne, nikamtakia maisha marefu na tumbo lisilolala njaa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtoto alikunja uso kama mzee aliyeonja dawa chungu, wakacheka tena. Na mimi nikarudi kwenye kiti changu nikijisifu moyoni. Nimebariki bila kugusa. Nilijiona mjanja sana siku hiyo.

Hofu ya kugusa nilifundishwa nikiwa mtoto. Tulikuwa tukiishi juu huko Mau, na mama yangu alianza na baka mgongoni. Halafu vidole vya mkono mmoja vikaanza kujikunja vyenyewe, akawa hawezi kufunga kifungo cha gauni. Nilikuwa na kama miaka saba. Siku moja likaja gari na mtu wa afya aliyevaa koti refu. Hakuingia ndani. Alisimama uani akamwambia baba kwa sauti ya juu, na sisi watoto tukisikia: msimguse, msitumie kikombe chake, huu ugonjwa unashika kwa mkono. Mama akatoka na kifurushi. Alitaka kunishika kichwa, baba akanivuta nyuma kwa kola ya nguo. Hivyo ndivyo tulivyoagana, mimi nikiwa nimekabwa na kola.

Walimpeleka hospitali ya wakoma, mbali, upande wa magharibi karibu na mpaka wa Uganda. Baba akachoma kitanda chake na nguo zake. Tukaambiwa tukiulizwa tuseme amekufa. Lakini watu walijua. Kisimani wanawake walikuwa wakivuta ndoo zao zikae mbali na yangu, bila kunitazama, kama mtu anayesogeza kiti. Miaka kadhaa baadaye mwanamume mmoja aliyetoka huko alikuja nyumbani kusema mama ni mzima, analima vitunguu na anaimba kwaya. Baba alimfukuza na jembe. Baada ya hapo hatukusikia neno lolote. Kaburi lake silijui.

Kwa hiyo baka lilipotokea kwenye mkono wangu, mimi sikuhitaji daktari. Nilijua mambo mawili, na yote mawili nilikuwa nimeyaona kwa macho: ukoma hushika kwa mkono, na mwenye ukoma hupelekwa. Nikanunua sweta tatu.

Kibandani mkono huo ulinipa jina. Chapati nilikuwa naigeuza kwa vidole vitupu, sufuria ya maharagwe naitoa motoni bila kitambaa. Vijana wa bodaboda walikuwa wanawekeana dau juu yangu.

"Mathe, shika hiyo ya moto tuone."

"Nimeshika. Leta soda."

"Huyu mathe si wa nyama. Huyu ni wa chuma."

Nilicheka nao, nikaifanya kuwa sifa. Lakini kila Jumapili baada ya kanisa, mlango ukiwa umefungwa na jua likiingia dirishani, nilikuwa natoa sindano ya kushonea nikajidunga ndani ya baka. Nilikuwa nadunga nikisubiri uchungu jinsi mtu anavyobisha hodi nyumba ambayo anajua wenyewe wamehama. Nikiona tone la damu na hakuna uchungu, nafuta, navaa sweta, napika chakula cha mchana. Miaka mitatu hivyo.

Mtoto alipokuwa na miezi mitatu, mjukuu wangu alikuja kibandani Jumamosi moja, amemwacha mtoto na baba yake. Alikuwa amekaa kwenye benchi akinisimulia mambo ya mwalimu mkuu wao mpya, mwanamume anayetaka hata chaki ihesabiwe. Mimi nasukuma unga na mkono wa kulia, nacheka.

Akanyamaza. Akanusa. "Shosho, ni nini inaungua?"

Nikatazama chapati. Chapati ilikuwa sawa.

"Shosho. Mkono."

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelala kwenye ukingo wa jiko. Ulikuwa umetulia pale kama paka. Alirukia akaunyanyua, na kipande cha ngozi kikabaki kwenye chuma. Harufu ilikuwa ile ya ng'ombe anayetiwa chapa. Nilimtazama yeye, nikaona haangalii kidonda. Anaangalia uso wangu, kwa sababu sikuwa nimelia wala kukunja hata jicho.

"Husikii?"

"Nasikia kidogo."

"Shosho, usinidanganye. Husikii."

Aliamua ni sukari. Alikuwa amesoma mahali kwamba sukari huua miguu na mikono. Hakunipa nafasi ya kuzima jiko vizuri, akamwita jirani auze, akanipeleka kituo cha afya. Njiani nilikuwa naomba Mungu iwe sukari. Sijawahi kusikia mtu mwingine aliyeomba ugonjwa.

Sukari ilikuwa sawa, hata nzuri. Basi tukapelekwa kwa daktari mwingine, mama wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alifunga kile kidonda vizuri, halafu akasema nitoe sweta.

"Nasikia baridi," nikasema.

"Mama, mimi niko na blauzi bila mikono na natoka jasho. Toa sweta."

Mjukuu wangu akanisaidia kuivua. Aliona baka, akasema, "Hii ni nini, shosho, si uliniambia ulimwagikiwa na mafuta?" Daktari alichukua pamba, akaisokota ncha yake mpaka ikawa nyembamba kama uzi. Akaniambia nifumbe macho, na kila nikisikia amenigusa nionyeshe mahali kwa kidole.

Nitasema ukweli. Nilichungulia. Nilifumba macho kama mtoto anayecheza kujificha, nikaacha upenyo, na kila alipogusa baka nilionyesha pale pale. Niliona nikifaulu huu mtihani nitarudi nyumbani. Daktari akagusa mara tatu, nikapata zote tatu. Halafu akachukua faili moja mezani, akaisimamisha kati ya macho yangu na mkono.

"Sasa tena," akasema.

Nikasubiri. Chumba kilikuwa kimya, nasikia mtu nje anakohoa, nasikia saa ya ukutani. Nikasubiri aanze.

"Mama, nimekugusa mara sita."

Alinishika kiwiko, akakikandakanda kwa ndani kana kwamba anatafuta kamba, akafanya hivyo na upande wa pili, akaangalia masikio yangu na mgongo. Akakata ngozi kidogo kwa wembe ili ikapimwe, na hapo pia sikusikia. Tukangoja kwenye benchi, tukarudi siku nyingine, tukaitwa ndani. Akavua miwani.

"Mama, huu ni ukoma."

Mjukuu wangu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyedaiwa deni lisilo lake. "Daktari, ukoma ni wa Biblia."

"Uko. Umepungua sana lakini uko."

Mimi sikushangaa. Nilikuwa nimekaa na swali moja miaka mitatu, sasa nikalitoa. "Gari linakuja saa ngapi?"

"Gari gani?"

"La kunipeleka."

Daktari akasogeza kiti karibu mpaka magoti yetu yakagusana. Hilo la magoti lilinitisha kuliko neno lenyewe. Akasema hakuna gari. Watu hawapelekwi tena. Kuna vidonge, vya mwezi mmoja mmoja, mwaka mzima, unameza vya kwanza mbele yake hapa, vingine unameza nyumbani kwako, kitandani kwako, na unapika chapati zako ukitumia mwiko kama watu wengine. Vidole havitarudi kusikia, pengine, lakini havitakatika ukivitunza. Nilikuwa naitikia kwa kichwa na siamini hata neno moja. Nimeona ng'ombe akibembelezwa hivyo kuingizwa kwenye josho.

Akachukua kalamu. "Hili baka lina muda gani?"

Mjukuu wangu alikuwa amenishika mkono wa kulia. Nikasema, "Miezi miwili."

Sijui kwa nini nilichagua miwili. Niliona haya mbele ya msichana wangu. Nilitaka niwe mtu aliyeugua jana.

"Vizuri, basi tumelipata mapema," daktari akasema huku akiandika. "Kwa sababu huu ugonjwa haushiki kwa kushikana mikono kama watu wa zamani walivyosema. Unatoka kwa mdomo na pua. Pumzi, kukohoa, mate. Ni mpaka mtu akae karibu na mgonjwa muda mrefu, na awe ni mgonjwa ambaye hajatibiwa. Ukianza dawa, siku chache tu huambukizi mtu."

Mate. Alisema mate jinsi mtu anavyosema chumvi. Sikumsikia tena. Niliona kile kifua kidogo, ngozi yake nyekundu ya kichanga, na mate yangu yaking'aa juu yake mara nne, na mimi nimeficha mkono ambao haukuwa na hatia. Nilimficha mtoto mkono, nikampa mdomo. Nikageuka polepole kumtazama mjukuu wangu. Alikuwa anaangalia bendeji yangu. Sikuweza kujua kama amekumbuka, na yeye hakusema, na mimi sikusema, tukachukua dawa tukaenda.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayotaka kuisahau. Dawa za ukoma hutolewa chumba kimoja na za TB, kwa hiyo mtaani Rhonda wakaamua nina TB. Niliwaacha. Jirani mmoja aliniletea supu ya mifupa akasema, "Pole, TB si aibu siku hizi," nikamshukuru kwa TB yake. Mkojo ulitoka mwekundu kama juisi ya biti. Daktari alikuwa ameniambia, lakini kuambiwa na kuona ni mambo mawili, nilishikilia ukuta. Uso ukaanza kuwa mweusi, nikawa kama mtu aliyekaa moshini. Hayo yote niliyaweza.

Nisichokiweza ni simu. Mjukuu wangu alikuwa akipiga kila Jumapili.

"Shosho, njoo ule na sisi. Daktari amesema hakuna shida."

"Wiki hii nina mkutano wa chama cha kina mama."

"Wiki iliyopita pia ulikuwa na chama. Hicho chama ni bunge?"

"Mguu unauma."

"Juzi ni mgongo. Ukimaliza kuuma wote utaniambia."

Alikuwa anatania lakini nilisikia ameumia. Alidhani naona haya. Alinitumia picha za mtoto, na mimi badala ya kufurahi nilikuwa nazipanua kwa kidole gumba, natafuta. Nilipita mashavu, shingo, mikono, mapaja, kama mtu anayechambua mchele. Kivuli cha dirisha kikianguka kwenye paja, napoteza pumzi mpaka ije picha nyingine. Mteja ananiita mara tatu simsikii. Kama ni ukoma wa mama yangu ulionikalia mwilini miaka yote hiyo, au niliupata kwingine, hata daktari hakujua. Basi hata picha ikiwa safi leo, ya kesho je? Ya akiwa mwari? Nilimwona akiwa na miaka kumi, akishindwa kufunga kifungo.

Mtoto alipofika miezi minane, simu ililia siku isiyo Jumapili.

"Shosho." Sauti yake ilikuwa chini. "Mtoto ana kitu shavuni. Kitu cheupe. Kesho nampeleka kwa yule daktari wako."

Hakusema zaidi. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikumbuka yale mate, tangu siku ile ile alikumbuka, na amebeba peke yake kama mimi.

Hakuniita niende. Nilienda. Niliwakuta kwenye benchi, mtoto amevaa kofia ya sufu, na nikaketi upande wa pili, nikaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Mtoto alinitazama na macho makubwa. Kwenye shavu la kulia palikuwa na duara, jeupe kidogo, la ukubwa wa sarafu. Nilitazama mara moja nikahamisha macho kwenye sakafu.

Daktari alimpokea mtoto kwa utani, akamwita bosi, akampa stetoskopu atafune. Akamgeuza shavu kwenye mwanga. Akafungua kadi yangu, akasoma.

"Mama mtoto, usijitese. Nyanya yake alikuwa na baka miezi miwili tu, na hamkai nyumba moja. Hii ni ngozi kavu, upepo wa Nakuru. Mpake mafuta, nenda nyumbani."

Niliona mabega ya mjukuu wangu yakishuka. Alifumba macho, akatoa pumzi ambayo nadhani aliishikilia tangu jana yake. Mlango ulikuwa wazi, tungetoka. Ningebaki nyanya mwema. Lakini daktari alikuwa ameangalia shavu peke yake, na hata hakutoa pamba, na alifanya hivyo kwa sababu ya neno langu lililo kwenye ile kadi.

"Si miezi miwili," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Ni miaka mitatu. Nilijua ni ukoma. Nimeona wa mama yangu. Na huyu mtoto nilimtemea mate kifuani akiwa na mwezi mmoja, mara nne."

Mtoto alikuwa anagonga meza na stetoskopu. Mjukuu wangu alinitazama jinsi anavyotazama, nadhani, mwanafunzi aliyenakili mtihani na ambaye alikuwa anampenda.

Daktari aliweka kalamu chini. Hakunigombeza. Alifunga mlango, akatandika shuka karibu na dirisha, akasema mtoto avuliwe nguo zote. Akamwangalia kuanzia utosi. Nyuma ya masikio, kwapani, kila mkunjo wa paja, nyayo. Alikanda viwiko vyake vidogo. Mimi nilisimama nimeegemea ukuta. Halafu akasokota pamba.

Mtoto wa miezi minane hawezi kuambiwa aonyeshe kwa kidole. Daktari alimwambia mama yake amchezeshe kwa funguo upande wa kushoto, na mtoto alipogeuka kuzifuata, akamgusa shavu la kulia na ile ncha, katikati ya duara, kwa wepesi kama nzi anatua.

Mtoto akazinyooshea funguo mkono.

Shavu halikutikisika.

Daktari akangoja, akagusa tena. Shavu likatikisika. Mtoto akajipiga kofi usoni, akageuka na hasira, akaikamata pamba akataka kuila. Daktari akamnyang'anya, akagusa mara ya tatu, mtoto akapiga ukelele uliofika mapokezi.

"Anasikia," daktari akasema. "Anasikia na hapendi."

Akamkwaruza lile duara kwa kucha, ungaunga mwembamba ukatoka. Ngozi kavu, kama alivyosema kwanza. Lakini sasa alikuwa ameangalia.

Mjukuu wangu akauliza, bila kunitazama, "Na yale mate?"

"Kutema mara moja, sijaona mtoto aliyeshikwa hivyo. Mimi ningeogopa zaidi kama wangelala kitanda kimoja miaka hiyo yote. Lakini sitakuapia. Huu ugonjwa una subira. Utamleta kila miezi sita nimtazame hivi, uchi, mpaka awe mkubwa. Leo hana."

Leo hana. Nililishika hilo neno na nikaona lina mwisho wake, jioni.

Tulitoka nje kwenye benchi. Alimvalisha mtoto, mkono mmoja, mwingine, kofia. Alikuwa anavalisha polepole sana.

"Siku ile ulisema mgongo umekaza," akasema.

"Haukuwa umekaza."

"Ulikuwa unaficha mkono."

"Ndiyo."

"Ulijua una ugonjwa na bado ukamtemea mtoto wangu."

"Nilidhani ni mkono. Nilifundishwa ni mkono. Kama ningejua ni mdomo ningejishona."

"Na mimi? Nimelala na wewe kitanda kimoja mpaka nikaenda chuo."

"Wakati huo sikuwa nalo. Hiyo naapa. Lilikuja ukiwa umeshaolewa."

Akavuta kofia ya mtoto ifunike masikio. Watu walikuwa wanapita na vikohozi vyao. Nilitaka anitukane, ingekuwa rahisi. "Sijui nitakuambia nini, shosho," akasema mwishoni. "Ningeweza kukuelewa kuhusu mate. Hiyo ya miezi miwili ndiyo siwezi. Ulinitazama ukasema miezi miwili."

"Niliogopa."

"Uliogopa nani? Mimi?"

Ndiyo, yeye. Kati ya watu wote duniani yeye ndiye peke yake aliyeweza kuvuta ndoo yake ikaniua.

Dirishani wakaita jina la mtoto, kadi yake iandikwe tarehe ya kurudi. Alisimama, akatafuta kadi kwenye mkoba, mkoba ukaanguka, vitu vikamwagika, na mtoto anajipinda mikononi mwake akitaka kushuka. Wakaita tena. Alitazama benchi, akatazama foleni. Halafu akanitazama mimi. Sikunyoosha mikono. Nilikuwa nimeikalia.

"Mshike," akasema.

Hakusema kwa upole. Alimweka mapajani mwangu, akaokota kadi, akaenda bila kugeuka nyuma.

Alikuwa mzito kuliko picha. Mkono wa kulia ulimsikia wote, joto, mbavu, moyo unaokimbia. Wa kushoto haukuniambia chochote. Niliuona uko mgongoni mwake, niliona vidole vimefumba, lakini kama vimemkaza au vimemwacha sikuweza kujua bila kutazama, na yeye anaruka akitaka kunishika pua. Nikaogopa kwamba nikipepesa macho tu atateleza upande huo na sitasikia. Kwa hiyo nilishuka kwenye benchi, mtu mzima mbele ya watu, nikaketi kwenye saruji na mgongo ukutani, nikakunja magoti yakamzunguka, ili akianguka asiende mbali. Mzee mmoja akaniuliza kama nimezidiwa niitiwe nesi. Nikamwambia hapana, aniache, namshikia mama yake.